Somo: Mtoto amebabuka kwa nepi? Soma hapa kabla ya kuuliza

Swali hili halikauki, na kila anayeuliza ameshayaruka majibu aliyopewa mwenzake. Naandika mara moja tu. Nikiulizwa tena nitakuelekeza huku.

Tuanze na ule usemi wa "mkojo umemchoma". Mkojo peke yake hauna kosa kubwa hivyo. Ngozi ikishinda na unyevu hulainika, ikisuguana na nepi inachubuka. Halafu kinaingia choo. Choo kina vimeng'enya vya kusaga chakula, na kikichanganyika na mkojo, bakteria waliomo hutengeneza amonia. Ile asidi kidogo inayoilinda ngozi inapungua, na vimeng'enya vinapata nguvu ya kuila ngozi yenyewe. Kwa hiyo nepi ya mkojo inaweza kungoja kidogo. Ya choo haingoji.

Hatua ya 1. Nawa mikono.

Hatua ya 2. Fungua nepi, ondoa choo kwa upande wake msafi. Futa kutoka mbele kwenda nyuma, hasa kwa mtoto wa kike.

Hatua ya 3. Osha kwa maji ya vuguvugu. Ngozi ikiwa imechubuka, mimina maji au tumia pamba laini iliyolowa. Sabuni si lazima kila mara. Ukiitumia iwe kidogo na isiyo na manukato. Tishu zenye unyevu zenye manukato au spiriti weka kando mpaka apone.

Hatua ya 4. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini. Usisugue. Kisha mwache bila nepi dakika 10 au zaidi, mara kadhaa kwa siku. Mtandikie kitambaa juu ya kitu kisichopitisha maji, maana atakojoa. Ndiyo, atakojoa. Usiniulize ufanyeje akikojoa.

Hatua ya 5. Krimu ya kinga. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, na ndipo wengi mnapoharibu. Nilikuwa napaka utando mwembamba kama losheni, na kila nikibadilisha nepi naifuta yote mpaka ngozi ing'ae, nikidhani huo ndio usafi. Kumbe kila kipande cha ngozi changa kilichoanza kujijenga nilikuwa nakibandua pamoja na krimu. Krimu hii haitibu kwa kunyweka ndani. Kazi yake ni kukaa juu na kuzuia choo na mkojo visiguse ngozi. Chagua yenye zinki oksaidi (zipo za asilimia 10 mpaka 40, na aliyebabuka vibaya anahitaji nzito zaidi) au mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Paka nene kama fundi anayepiga lipu, ngozi ya chini isionekane. Wakati wa kubadilisha, ondoa safu ya juu tu iliyochafuka. Iliyobaki safi iache hapo hapo, ongeza nyingine juu. Ukitaka kuitoa yote, fanya hivyo wakati wa kumwogesha, kwa pamba yenye mafuta laini ya mtoto, bila kukwangua.

Na kwenye hatua hiyo hiyo, yafuatayo usipake:
– Poda, iwe ya talki au ya wanga. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu ya mtoto ni hatari.
– Magadi ya kuokea na asidi ya boriki. Vinapenya ngozi iliyochubuka na kuingia mwilini.
– Krimu za mchanganyiko zenye steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na wekundu), zile ambazo jirani anakwambia "inaponya kila kitu". Nepi inafunika ngozi, dawa inanyweka zaidi, na ngozi inaweza kusinyaa na kuwa nyembamba.

Hatua ya 6. Funga nepi isibane. Kidole kipite kiunoni.

Hatua ya 7. Badilisha kila baada ya saa 2 au 3 mchana, na mara moja akipata choo. Kama amebabuka, amka usiku angalau mara moja umbadilishe.

Ukifuata haya, babuko la kawaida hupungua ndani ya siku 2 au 3. Lisipopungua, tazama mikunjo ya kinena. Babuko la kawaida hukaa pale nepi inapogusa, yaani makalio, mapaja na tumbo la chini, na mikunjo husalimika. Fangasi wanapenda mikunjo: wekundu mkali wenye kingo zinazoonekana wazi, na vipele vidogo vimetawanyika pembeni. Chungulia mdomoni pia. Utando mweupe usiofutika kirahisi ni dalili nyingine. Hapo krimu ya kinga pekee haitoshi, inatakiwa dawa ya fangasi kama nistatini au klotrimazoli. Inatangulia dawa, kwa utando mwembamba, kisha krimu ya kinga juu yake. Usiache siku wekundu unapotoweka. Maliza siku ulizoelekezwa.

Kwa daktari bila kungoja: homa, usaha, malengelenge, ukoko wa njano, damu, wekundu mkali unaozunguka tundu la haja, au mtoto ana umri chini ya wiki 6.

MASWALI

haraka_sana: Dada naomba kwa kifupi, sina muda wa kusoma yote.
Jibu: Hatua ya 5.

Mama Nyota: Nimepaka krimu ya fangasi siku mbili hajapona. Nibadilishe niweke ipi?
Jibu: Nani amekwambia ni fangasi? Mikunjo ikoje? Na krimu ina dawa gani ndani? Soma kwenye boksi, si jina kubwa la mbele, yale maandishi madogo.

Baba Mapacha: Samahani dada, nina watoto wawili, nepi zilezile, saa zilezile. Mmoja anababuka, mwenzake wala. Kwa nini?
Jibu: Swali zuri kaka. Ngozi hazifanani hata kwa mapacha. Ila kwanza niambie, huyo anayebabuka anapata choo mara nyingi zaidi? Amekuwa na dawa yoyote karibuni?

Baba Mapacha: Eeh! Alipewa antibiotiki ya sikio, na amekuwa akiharisha.
Jibu: Basi umejijibu. Antibiotiki inaua pia bakteria wema waliokuwa wakiwabana fangasi, na kuharisha kunaleta choo chenye vimeng'enya vingi. Usikatishe dozi. Siku nyingine akipewa antibiotiki, anza kupaka krimu ya kinga siku ileile dawa inapoanza, kabla hajababuka, na chunguza mikunjo kila siku. Jiandae pia watakapofika miezi 9 hadi 12: wanakula vyakula vingi, choo kinabadilika, na umri huo ndio wenye mababuko mengi.

Shangazi Mtu: Sisi tuliwapaka poda na mkakua. Haya mambo yenu ya siku hizi!
Jibu: Shikamoo shangazi. Tulikua, ni kweli. Lakini poda inaganda kwenye mikunjo, na vumbi lake halina kazi kwenye kifua cha mtoto. Nitabaki na krimu.

Tulivu: Natumia nepi za kitambaa. Niache?
Jibu: Si lazima. Za kutupa zenye chembe za kufyonza huweka ngozi kavu zaidi, hivyo ukipenda zitumie mpaka apone. Za kitambaa fua kwa maji ya moto, suuza mara mbili sabuni iishe, na usitie dawa ya kulainisha nguo.

Mama wa Tatu: Niongezee hapo, zile chupi za plastiki za kuvalisha juu ya kitambaa zinafungia joto na unyevu. Mimi nilizitoa. Na kwa kuoshea natumia chupa ya kubana, maji yanachuruzika tu, mkono haugusi kidonda.
Jibu: Hiyo ya chupa naichukua. Asante.

Mama Nyota: Nimerudi. Mikunjo ni misafi, wekundu uko juu ya makalio tu. Boksi limeandikwa klotrimazoli na betamethasoni.
Jibu: Betamethasoni ndiyo ile steroidi niliyosema. Acha kuipaka leo, rudi hatua ya 3 mpaka ya 7. Na kesho mpeleke mtoto kwa daktari, ubebe na boksi lenyewe.