Makumbusho ya tramu za kamba San Francisco: anza na kamba, foleni baadaye

Somo hili ni la wale wa Arusha na Moshi wanaopata safari ya San Francisco, iwe kwa maonyesho ya utalii, masomo au kumtembelea ndugu. Wengi wakifika tu hukimbilia kona ya Powell na Market, wanasimama foleni ndefu, wanapanda tramu ya kamba, yaani gari la reli linalovutwa na kamba ya chuma inayopita chini ya barabara, wanapiga picha, basi. Ukiwauliza gari lile lisilo na injini lilipandaje kilima, hawana la kusema. Jibu lipo kwenye jengo la matofali kona ya mitaa ya Mason na Washington, namba 1201 Mason, na kuingia ni bure. Ukipita hapo kwanza, safari yako ya tramu utaielewa kila inapotikisika.

Hatua ya 1: Siku na saa

Jumatatu pamefungwa. Jumanne hadi Alhamisi ni saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Ijumaa hadi Jumapili wanafunga saa kumi na moja. Hizo nimeziandika kwa saa zetu za Kiswahili. Mlangoni utakuta 10 hadi 4 au 5, usije ukachanganya. Siku za Krismasi, Mwaka Mpya, Pasaka na ile Alhamisi ya Novemba ya kutoa shukrani, usiende. Angalia tovuti yao asubuhi ya siku unayokwenda, maana ratiba hubadilika.

Tenga saa moja. Na sweta: Julai ya San Francisco ni ukungu na upepo, kwa hiyo lile unalovaa Arusha mwezi huohuo ndilo la kubeba.

Hatua ya 2: Kufika

Hapa ndipo hela zinapopotea. Nauli ya tramu ya kamba hulipwa kwa kila safari moja, na tiketi haiunganishi. Ukishuka kutazama makumbusho kisha ukapanda nyingine, unalipa tena nauli nzima. Njia mbili za kukwepa: nunua pasi ya mgeni ya siku nzima inayoruhusu tramu za kamba, au nenda makumbusho kwa basi namba 1, lile la umeme wa nyaya za juu, ambalo nauli yake haifiki nusu ya hiyo. Shuka Mason, tembea kidogo kuelekea Washington. Kwa miguu kutoka Powell na Market ni kama dakika 20, nyingi zikiwa za kupanda.

Ukija kwa tramu kutoka Powell, shuka Jackson na Mason, rudi mtaa mmoja. Usisubiri tramu ifike mlangoni: zinazopita pale Washington ni zile zinazorudi mjini.

Hatua ya 3: Ghorofani, kwenye mitambo

Kelele zitakupokea kabla ya macho. Simama kwenye ukingo utazame chini: yale magurudumu makubwa ya chuma yanayozunguka si maonyesho, ndiyo mtambo wenyewe unaovuta tramu za mji mzima wakati huohuo. Jengo hili ni karakana, gereji na kituo cha nguvu. Makumbusho yamekaribishwa ndani yake tangu 1974.

Kamba ni nne, kila moja na mota yake ya umeme ya nguvu farasi 510. Ya mtaa wa California ndiyo ndefu, kama kilomita 6.4, ya Hyde kama 4.9, ya Mason 3.1, ya Powell 2.8. Zote zinakwenda mwendo mmoja usiobadilika, kilomita 15.3 kwa saa.

Tafuta mambo mawili. La kwanza, kamba imezungushwa kwenye magurudumu kwa umbo la nane. Ingepita juu ya gurudumu moja tu, ingeteleza. Umbo la nane linaongeza eneo la kamba kugusana na chuma, gurudumu likapata nguvu ya kuvuta. La pili, kuna gurudumu lililofungwa kwenye kitoroli chenye reli zake fupi, linasogea mbele na nyuma. Tramu zikishika kamba kwa pamoja, kamba inavutika; zikiachia, inalegea. Kile kitoroli ndicho kinachomeza ulegevu huo. Watu wengi wanakipita bila kukiangalia, na bila hicho mfumo usingefanya kazi hata saa moja.

Hatua ya 4: Shuka chini

Kuna dirisha la kutazama chini ya barabara, mahali kamba zinapoingia na kutoka. Pana giza. Yape macho dakika nzima, kisha utaona magurudumu yaliyolala yakizipeleka kamba kila moja mtaani kwake.

Hatua ya 5: Kipande cha kamba kilichokatwa

Hapa kaa. Kamba ina unene wa inchi moja na robo, kama milimita 32. Imesokotwa kwa misuko 6 ya chuma, kila msuko una nyaya 19. Jumla nyaya 114. Sasa tazama katikati kabisa. Kile kinachoonekana kama uzi wa gunia ni katani. Ndiyo, mkonge, zao lililoletwa kwetu Tanganyika mwaka 1893 na kupandwa Tanga hadi tambarare za Kilimanjaro.

Katani iko pale kwa kazi mbili. Ni laini, kwa hiyo misuko ya chuma inaegemea kitu kinachobonyea badala ya kusagana yenyewe kwa yenyewe kamba inapokunjwa kwenye gurudumu. Pia inanyonya mafuta na kuyaachia polepole kutoka ndani. Nje, kamba hupakwa kitu kama lami, kinacholika chenyewe koleo la tramu linaloikamata kamba linapoteleza, ili chuma kisilike. Ile harufu nzito jengoni inatoka huko.

Mtu wa Same au Moshi akisimama mbele ya kipande hicho ana haki ya kukitazama kwa muda mrefu kuliko mgeni yeyote.

Hatua ya 6: Koleo na breki

Koleo ndicho kifaa kinachoshuka kupitia mfereji mwembamba katikati ya reli na kuikamata kamba. Linaendeshwa kwa mkono, kwa wenzo mrefu. Mshika kamba, yaani dereva wa tramu, haikamati kwa ghafla: anaanza kwa kuigusa, kamba inateleza kwenye meno, gari linaanza kusogea, ndipo anabana kabisa. Akibana mara moja, abiria wote wanaanguka. Meno ya koleo ni ya chuma laini kwa makusudi, yaliwe yenyewe na siyo kamba. Hubadilishwa kila baada ya siku chache.

Breki ni tatu. Ya magurudumu, ya chuma. Ya reli, ambayo ni vipande vinne vya mbao laini vya futi 2 vinavyokandamizwa juu ya reli; kwenye mteremko mkali utasikia harufu ya mbao inayoungua. Na ya hatari, kabari ya chuma inayosukumwa ndani ya mfereji. Hiyo ya mwisho hunasa kiasi kwamba wakati mwingine fundi huja kuikata kwa moto. Kwenye tramu za Powell konda naye ana breki yake huko nyuma, kwa hiyo kazi yake haiishii kwenye nauli.

Hatua ya 7: Gari namba 8

Ni gari dogo la wazi, lililobaki kutoka njia ya kwanza kabisa, mtaa wa Clay, iliyoanzishwa na Andrew Hallidie, mtengeneza kamba za waya, mwaka 1873. Tetemeko la 1906 liliangamiza sehemu kubwa ya njia za kamba, na nyingi hazikurudishwa. Mwaka 1947 meya alitaka kuzifuta zilizobaki. Friedel Klussmann akaongoza akina mama kupinga, wananchi wakapiga kura, zikabaki.

Hatua ya 8: Sasa panda

Tembea mitaa mitatu hadi California na Mason. Njia ya California huwa na foleni fupi kuliko za Powell. Kaa karibu na mshika kamba, tazama mikono yake, na gari likisimama tega sikio kwenye mfereji: utasikia kamba ikipita chini yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Utingo wa Kiborloni: Shikamoo mwalimu. Kwenye mteremko wanaachia kamba gari lishuke lenyewe?

Marahaba. Hapana, kwenye mteremko mkali wanaishika. Kamba inakwenda kilomita 15.3 kwa saa tu, kwa hiyo gari lililoishika haliwezi kuizidi. Na uzito wa gari linaloshuka unaisukuma kamba, ukisaidia kulivuta linalopanda upande wa pili. Wanaachia kwenye vituo, kwenye kona fulani, na mahali kamba mbili zinapopishana, kwa sababu moja inapita chini ya nyingine na koleo halina pa kupita.

Mama Njoro: Waya mmoja ukikatika je?

Waya mmoja hausimamishi kamba, dada. Hatari ni msuko unaofumuka: unaweza kunasa kwenye koleo, mshika kamba akashindwa kuachia, gari likaburutwa. Ndiyo maana kamba zinakaguliwa na kutengenezwa usiku tramu zikiwa zimelala.

Mpagazi Machame: Hii ndiyo ile iliyozungumzwa kuwekwa Mlima Kilimanjaro?

Siyo, mangi. Mjadala uliovuma tangu 2019 ulihusu vyumba vinavyoning'inia kwenye waya uliobebwa na nguzo. Hii ya San Francisco iko juu ya reli, na kamba imefichwa chini ya barabara. Wageni wakikuuliza mlimani, tofautisha hivyo: moja inaning'inia, nyingine inaburutwa.

Fundi wa Unga Ltd: Upana wa reli zao ni sawa na hii yetu ya Tanga–Moshi–Arusha?

Hapana. Yetu ni milimita 1,000. Ya tramu za kamba ni 1,067, sawa na TAZARA.

Mwalimu wa sayansi, Pasua: Wanafunzi wangu hawatafika huko. Nawaonyeshaje?

Tafuta rimu mbili za baiskeli bila matairi. Zilaze juu ya ubao mrefu, ekseli kwa ekseli mita 2. Zungushia kamba ya katani ya milimita 6, urefu kama mita 6, iunganishwe iwe duara. Usifunge fundo: fundo litaruka kwenye rimu kila linapopita. Fumua ncha zote mbili na uzisukane kwa urefu wa sentimita 30 hivi, ndivyo hata kamba zao zinavyounganishwa.

Gari liwe kipande cha mbao chenye magurudumu manne, na koleo liwe kibanio cha nguo. Kikiteleza sana, kifunge mpira wa tyubu mdomoni. Mwanafunzi mmoja azungushe rimu kwa mwendo usiobadilika, mwingine ashike na kuachia. Lazima aachie kabla ya kufika kwenye rimu, la sivyo kibanio kinagonga.

Baada ya dakika kumi kamba italegea na kuanza kuteleza. Usiwaambie sababu, wape nafasi waitafute. Kisha toboa mfereji wa sentimita 20 kwenye ubao upande mmoja, ekseli isogee humo, na uivute kwa kamba yenye tofali linaloning'inia ukingoni mwa ubao. Hicho ndicho kitoroli cha Hatua ya 3. Mwisho inua upande mmoja wa ubao hadi ekseli ya juu iizidi ya chini kwa kama sentimita 42: mwinuko huo unakaribia asilimia 21, ambao ndio ukali wa mtaa wa Hyde. Gari likirudi nyuma, ongeza mpira kwenye kibanio kabla ya kuongeza tofali.