Mtoto akianguka uwanjani: la kufanya kwanza

Nafundisha chekechea, na uwanja wetu ni wa changarawe. Magoti huchubuka kila kukicha. Sisi hufanya hivi.

Hatua ya 1. Usimnyakue. Msogelee bila papara, chuchumaa, mtazame. Mtoto mdogo akianguka huangalia kwanza uso wa mkubwa. Ukipiga yowe, atalia hata kama hakuumia. Asipojitikisa, au akilalamika shingo, usimwinue. Ita msaada.

Hatua ya 2. Mpe pole. "Pole mwanangu, umeanguka eh? Nionyeshe panapouma." Mwache alie, na habari za "mwanaume halii" ziache nyumbani. Ule mchezo wa kuichapa sakafu eti imemwonea mtoto siupendi hata kidogo: kesho akijikwaa atatafuta wa kumlaumu.

Hatua ya 3, mchubuko. Nawa mikono wewe kwanza. Mimina maji safi mpaka mchanga wote utoke, sabuni ipite pembeni mwa jeraha. Hapa mimi humpa mtoto kikombe amimine mwenyewe, akishakuwa na kazi, kilio hupungua, na swali la kwanza huwa "mwalimu, niongeze?" Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua kuchungulia. Dawa ya meno, mafuta ya taa, majivu, unga wa kapsuli: hapana. Spiriti nayo inachoma tu. Kisha tazama kadi ya kliniki kama alimaliza chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, maana kinga ya pepopunda imo humo.

Hatua ya 4, nundu. Barafu ya mfuko, ile ya dukani, izungushie kitambaa na uiweke dakika 10. Usiikande nundu, wala usiisugue kwa kanga ya moto. Joto huzidisha uvimbe.

Hatua ya 5. Aliyegonga kichwa aangaliwe saa 24. Kulala anaweza, ilimradi akiamshwa anaamka vizuri. Mpeleke hospitali mara moja akizimia hata kidogo, akitapika zaidi ya mara moja, akipata degedege, akisinzia kusiko kwa kawaida, au akitokwa na maji au damu sikioni au puani. Asiyetimiza mwaka apelekwe hata kama anacheka. Aspirini asipewe.

Mzazi akija kumchukua, mwambie ameanguka saa ngapi na amegonga wapi, hata kama nundu imeshanywea.