Namna ya Kuchunguza Rundo la Mawe Lililofunika Kaburi la Kale

Anayesafiri kutoka Marsabit kuelekea Ziwa Turkana, au anayepita katika nyanda za Bonde la Ufa karibu na Nakuru, hukutana na marundo ya mawe yaliyokaa juu ya vilima na kando ya njia za mifugo. Baadhi yake ni makaburi ya wafugaji walioishi miaka elfu kadhaa iliyopita, kabla ya chuma kujulikana katika sehemu hizo. Mengine ni ya juzi tu, na mengine si makaburi kabisa. Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mwanafunzi anayefanya kazi chini ya mwanaakiolojia mwenye kibali, na yanatilia mkazo jambo ambalo wengi hulipuuza kwa haraka ya kuifikia mifupa: mawe yenyewe ni ushahidi, na yakiondolewa kabla ya kuandikwa hakuna maabara itakayoweza kuyarudisha mahali pake.

Kibali ni sharti la kwanza. Nchini Kenya mambo haya yanatawaliwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na nchini Tanzania na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 pamoja na marekebisho yake. Kufukua bila ruhusa ni kosa hata kama shamba ni lako. Lakini karatasi ya serikali haitoshi. Kaa na wazee wa mahali hapo, uwaulize rundo hilo wanaliitaje, nani analidai, na kama kuna mtu aliyezikwa hapo katika kumbukumbu yao. Miongoni mwa Waborana wako wanaosema kwamba marundo hayo ni ya Wawardai, watu walioishi katika nchi hiyo kabla yao. Miongoni mwa Wamasai, mtu mashuhuri alipozikwa chini ya mawe, wapita njia waliongeza jiwe kila walipopita, kwa hiyo kaburi liliendelea kukua miaka mingi baada ya mazishi. Habari hii ni ya kiufundi kama ilivyo ya adabu, kwa sababu inakuonya kwamba mawe ya juu yanaweza kuwa ya enzi tofauti kabisa na ya chini. Wazee wakikataa, funga daftari uondoke.

Wakikubali, anza kwa kutazama bila kugusa. Rundo linalotokana na mkulima kusafisha shamba lake kwa kawaida huwa na mawe ya kila ukubwa yaliyochanganyika na udongo, halina ukingo, na liko pembezoni mwa ardhi iliyowahi kulimwa. Rundo la kaburi mara nyingi lina mduara wa mawe makubwa yaliyosimikwa au kupangwa kwa makusudi, na mawe ya ndani huonekana kuwa yamechaguliwa. Bonde dogo katikati laweza kumaanisha kwamba shimo la chini limetitia, au kwamba mwizi alikwisha kukutangulia. Katika hali ya pili utaona mawe yaliyotupwa upande mmoja, na upande wake uliogeuka utakuwa na rangi isiyopauka kama ya jirani zake. Tazama pia wapangaji wa sasa. Kilima maarufu cha Hyrax Hill karibu na Nakuru kimepata jina lake kwa pimbi, ambao kwa Kiingereza huitwa hyrax, na wanyama kama pimbi, panya na nungunungu huhamisha mifupa, mkaa na shanga kutoka tabaka moja hadi jingine. Nyoka na nge nao hupenda kivuli cha mawe, kwa hiyo usiingize mkono mahali ambapo jicho halijatangulia.

Kisha pima. Chora ramani ya eneo zima, maana rundo moja mara chache huwa peke yake, na umbali kati ya kaburi na kaburi ni sehemu ya habari. Piga picha nyingi zinazopishana kutoka juu, kwa droni au kwa kamera iliyofungwa kwenye mlingoti mrefu, ili kompyuta iweze kuunda umbo kamili la rundo. Katika nchi yenye mawe ya volkano usiitegemee dira. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins walieleza kwamba nguzo 19 za basalti, mwamba mweusi wa volkano, huko Namoratunga, karibu na Kalokol upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, zilipangwa kuelekea nyota fulani. Mwaka 1982 mtafiti mwingine, Soper, akaonyesha kwamba nguzo zenyewe zina usumaku unaopotosha sindano ya dira, na hivyo vipimo vya awali havikuwa salama. Tumia vyombo vya wapima ardhi visivyohitaji sumaku, au pima pembe kwa kulitumia jua.

Sasa ufukuaji wenyewe. Utaratibu uliozoeleka ni kuligawa rundo katika robo nne kwa kamba mbili zinazokatana katikati, kisha kufukua robo mbili zinazotazamana kwanza na kuacha nyingine zikiwa zimesimama ili uweze kuchora mkato wa matabaka. Katika rundo la udongo njia hii ni nzuri sana. Katika rundo la mawe matupu ina taabu yake, kwa kuwa ukuta wa mawe yasiyoshikwa na udongo huporomoka, na unaweza kumvunja mtu mguu. Mimi huona ni afadhali kushuka tabaka kwa tabaka, na kila baada ya tabaka kuchora mstari wa mkato palepale, hadi michoro midogo iungane kuwa mkato mmoja kamili. Kazi hii ni ya polepole, na msimamizi mwenye haraka ataichukia.

Kila jiwe kubwa lipewe namba kwa chaki, lipigwe picha, kisha liinuliwe, halivutwi. Kabla ya kuliinua, jiulize limelala vipi. Jiwe lililopangwa hukaa kwa ubapa wake na kuegemea wenzake, ilhali lililoporomoka huinamia nje na huwa na vumbi la upepo chini yake. Andika aina ya mwamba na mahali unapopatikana. Huko Lothagam Kaskazini, magharibi ya Ziwa Turkana, baadhi ya nguzo zilitolewa umbali unaofikia kilomita moja, na jambo hilo pekee linaeleza nguvu za watu wengi zilizotumika kwa pamoja. Mahali hapo, palipojengwa kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita, pana jukwaa lenye kipenyo cha mita 30 na shimo la maziko linalokadiriwa kuwa na watu wasiopungua 580, wake kwa waume, wazee kwa watoto, huku karibu kila mmoja akiwa na mapambo yake. Kama wafukuaji wangelenga vito tu, wasingeweza kusema kwamba hapakuwa na dalili ya tabaka la wakubwa waliozikwa kwa namna ya pekee.

Chini ya mawe ya mwisho utakutana na uso wa ardhi ya kale, na hapa ndipo wengi huharibu. Udongo huo umefunikwa na mawe tangu siku ya ujenzi. Tafuta jivu, mifupa ya ng'ombe au mbuzi walioliwa kwenye mazishi, na vipande vya vyungu. Chukua sampuli ya udongo kwa bomba lisilopitisha mwanga, kwa ajili ya kupima lini chembe za mchanga ziliangaziwa na jua kwa mara ya mwisho. Mkaa wa kupimwa umri kwa kaboni 14 ufungwe katika karatasi ya alumini bila kuguswa kwa vidole. Usiridhike na kipande kimoja cha mkaa, kwani huenda kimeletwa na panya, na huenda mti wenyewe ulikuwa umekufa karne nyingi kabla ya kuchomwa.

Ukifika kwenye mifupa, weka mwiko wa chuma kando na utumie vijiti vya mwanzi na brashi laini. Vaa glavu na barakoa ikiwa sampuli za DNA zitachukuliwa, na usioshe chochote kitakachokwenda maabara. Andika marehemu amelalia ubavu gani, kichwa kimeelekea wapi, magoti yamekunjwa kiasi gani, mikono iko wapi. Mfupa wa nyonga ndio msaada mkubwa wa kutambua jinsia kwa mtu mzima, na meno husaidia sana kukadiria umri. Kwa DNA, mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani huhifadhi vizuri kuliko mingi. Joto la nchi zetu huharibu kolajeni, yaani protini ya mifupa, hivyo kipimo cha kaboni 14 kinaweza kushindikana, na ndiyo maana udongo na mkaa wa pembeni visidharauliwe. Udongo wote wa kaburini upitishwe kwenye chekeche lenye matundu ya milimita mbili au chini ya hapo, la sivyo shanga za maganda ya mayai ya mbuni zitapotea.

Faida ya uangalifu huu inaonekana Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alifukua mwaka 1937 na 1938. Katika makaburi ya wafugaji wa kale, wanawake walikutwa na sahani za mawe, na wanaume hawakuwa nazo. Tofauti hiyo isingeonekana kama vyombo vingekusanywa katika kikapu kimoja na mifupa katika kingine. Vipande vya obsidiani, kioo cha asili cha volkano, navyo visitupwe kwa kuwa ni vingi, kwani kemia yake inaweza kuonyesha vilitoka mlima gani, na hivyo njia ambazo watu hao walizipita au kubadilishana mali.

Kazi ikiisha, rudisha udongo na uyapange mawe tena kwa kufuata namba na picha zako, mduara wa nje kwanza. Mifupa iende mahali mlipokubaliana na wazee tangu siku ya kwanza, iwe ni makumbusho au kaburini tena. Na kabla ya kufukia, weka chini kabisa ya shimo sarafu ya mwaka huo, ili atakayefukua baada ya miaka mia mbili asidhani kwamba matabaka yako ni ya wale wa kale.