Mlinganyo wa mmomonyoko: upime kabla hujaunakili

Kijana mmoja aliniletea ramani ya mmomonyoko wa miteremko ya Uluguru. "Shikamoo mwalimu. Kuna mistari myeupe haitoki." Alidhani ni mawingu. Nikamwambia abofye kando ya kila mstari, aangalie mteremko ni digrii ngapi. Ikaonekana mistari inaanzia digrii 3 na kidogo na kuishia 6 na kidogo, kisha tena 9 na kidogo hadi 12 na kidogo, na kuendelea hivyo. Basi, mchawi tumeshamjua.

Programu yake inasoma sin kwa radiani, yeye kailisha digrii. Sin ya namba yoyote kati ya 3.14 na 6.28 ni hasi, na hali hiyo hujirudia kila baada ya 6.28; na namba hasi ukiipandisha kwa kipeo cha 1.3 programu inaacha tundu. Mlinganyo aliutoa kwenye makala ambamo kizidisho cha 0.01745, kile cha kugeuza digrii kuwa radiani, kilikuwa kimedondoka. Na huyo kijana alikuwa na bahati, maana kosa lake lilijitangaza kwa rangi nyeupe. Mengi hayajitangazi.

Kwa hiyo usianze na ramani, anza na Eksel. USLE, mlinganyo wa kukadiria udongo unaopotea, yaani A = R × K × LS × C × P, ilizaliwa Marekani (A ni udongo unaopotea, R nguvu ya mvua kumomonyoa, K wepesi wa udongo kumomonyoka, L urefu wa mteremko, S ukali wake, C mimea inayofunika ardhi, P hatua za kuhifadhi udongo); Wischmeier na Smith waliichapisha kama kitabu cha mwongozo mwaka 1965, wakaja na toleo jipya 1978. Kipimo chake ni ploti ya futi 72.6, yaani mita 22.13, yenye mteremko wa asilimia 9. Kwenye ploti hiyo L ni 1 na S ni 1. Sin ya mteremko huo ni 0.0896. Iweke kwenye mlinganyo uliounakili. Ule wa 1978, 65.41 sin² + 4.56 sin + 0.065, unatoa 0.999. Ule wa RUSLE, yaani USLE iliyorekebishwa, wa miteremko mikali, 16.8 sin − 0.50, unatoa 1.006. Ukipata 0.4 au 12, funga hiyo makala. Ukipata 1.4 kamili usikimbilie kulaumu: kuna toleo linalozidishwa makusudi kwa 1.4 kwa sababu linakokotoa nukta moja ya mteremko, si wastani wa mteremko mzima.

R ndiyo yenye mitego mingi. Sisi wengi tuna mvua ya mwezi tu, hatuna rekodi ya kila dhoruba, kwa hiyo tunatumia mlinganyo huu: 1.735 × 10 kwa kipeo cha (1.5 log(p²/P) − 0.8188), p ikiwa mvua ya mwezi na P ya mwaka (si ile P ya USLE). Utaukuta pia una 0.08188. Sifuri moja tu, lakini majibu yanapishana mara tano na nusu. Usipige kura kwa kuhesabu makala zenye sifuri na zisizo nayo, zimenakiliana. Fungua hesabu: ukitumia 0.8188, mlinganyo wote unakunjika kuwa 0.263 × F kwa kipeo cha 1.5, F ikisimama badala ya p²/P. Ni karibu sawa na 0.264 inayoonekana kwenye kazi ya Arnoldus, aliyerekebisha kipimo cha mvua cha Fournier. Ile ya 0.08188 inakunjika kuwa 1.44.

Halafu angalia alama ya jumla imekaa wapi. F ni jumla ya p²/P ya miezi yote, ndipo unapandisha kipeo. Wengine wanapandisha kila mwezi kwanza, kisha wanajumlisha. Chukua miezi kumi yenye milimita 100 kila mmoja: njia ya kwanza inatoa 263, ya pili 83. Na chini yake utasoma "Wischmeier na Smith, 1978". Kitabu hicho kinakokotoa R kwa nishati ya dhoruba mara ukali wa mvua wa dakika 30. Aliyeandika hivyo hakukifungua.

Vizio navyo. R ya Kimarekani inazidishwa kwa 17.02, K kwa 0.1317. Ukigeuza moja ukasahau nyingine umeharibu, na K ya 0.18 haishtui mtu zaidi ya 0.024. Ukizidisha 17.02 kwa 0.1317 unapata 2.24, ambayo ndiyo tani za Kimarekani kwa eka kwenda tani za metriki kwa hekta. Ukiikumbuka hiyo, hupotei.

Sasa la kwangu. Mlinganyo wa K unamalizika hivi: + 3.25(b − 2) + 2.5(c − 3), b ikiwa muundo wa udongo na c upenyaji wa maji. Kwenye tasnifu yangu niliandika (b − 3) na (c − 2). Ningeweka b = 2 na c = 3, ambapo mabano yote yanapaswa kuwa sifuri, ningeshtuka. Sikupima. Kwa udongo huo kosa linashusha K kutoka 0.179 hadi 0.171, nani ataona? Msimamizi hakuona, watahini hawakuona.

Miaka kadhaa baadaye nikasahihisha tasnifu ya mtu nisiyemfahamu, nikakuta (b − 3) na (c − 2) zangu zilezile, marejeo yakiwa Wischmeier na wenzake, 1971. Jina langu halimo. Nilicheka peke yangu ofisini, kisha sikucheka tena, maana mimi pia nilikuwa nimeandika 1971 bila kuiona makala yenyewe.

Nikachapa karatasi ya masahihisho, nikampelekea mkutubi, akaibandika ndani ya jalada la nakala ya maktaba. Ile PDF sijui iko kwenye flashi za wangapi.