Kufunga shoti shifta kwenye Mazda MX-5, hatua kwa hatua

Wadau, shoti shifta ni liva ya gia inayofupisha mwendo wa mkono, na hii kazi kwenye MX-5 naipenda kwa sababu liva ya gia imekaa juu ya giaboksi yenyewe, yaani huingii chini ya gari wala huvui egzosi, kila kitu unafanyia ndani kwenye siti. Naongelea zile za gia tano, NA, yaani kizazi cha kwanza kilichoanza 1989 ambacho kule Japani kiliuzwa kama Eunos Roadster, na NB, kizazi kilichofuata. Wenye Subaru Impreza msifuate hapa, zenu liva inaendesha fimbo inayokwenda mbele mpaka kwenye giaboksi na kuna boli za kufungulia chini, ni somo lingine kabisa.

Kwanza uelewe unachonunua. Liva inacheza kwenye kitufe, yaani kitufe cha duara kama mpira kilicho kwenye liva yenyewe, kama bembea, juu kuna mkono wako na chini kuna ncha inayosukuma gia. Chukulia juu ni sentimita 20 na chini ni 5, ncha ikisogea sentimita 1 mkono umesogea 4. Shoti shifta inarefusha kile kipande cha chini, tuseme kiwe 6.5, mkono sasa unasogea kama 3 tu. Ila umbali ulioupunguza unaulipia kwa nguvu, gia inakuwa nzito zaidi, hasa asubuhi oili ikiwa ya baridi. Ndio maana yule anayekata liva juu na kuichomelea tena hajakupa shoti shifta, amekupa liva fupi, pembe ya chini ni ile ile.

Na kabla ya kutoa hela endesha gari lako, ingiza gia ya pili taratibu klachi ikiwa chini kabisa. Ikisaga, sinkronaiza (pete inayolinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana) imechoka, na shoti shifta itaizidishia mzigo kwa sababu unailazimisha kwa haraka. Tengeneza giaboksi kwanza, tafadhali.

Andaa: soketi namba 10 na 12, bisibisi ya nyota, tochi, koleo nyembamba, bomba la sindano kubwa la duka la dawa na kipande cha mpira wa kuchomeka mbele yake, matambara safi, oili ya gia 75W-90 ya GL-4, na hapa sikubaliani na mtu: buti mpya ya chini (raba inayoziba kuzunguka liva) na bushi mpya ya ncha (kifuniko kidogo cha nailoni kinachovalishwa ncha ya liva). Usifunge shifta mpya juu ya raba ya zaidi ya miaka 20. Wengi wanaosema shoti shifta imebadilisha gari, nusu ya utamu walioupata ni hiyo bushi.

Gari ipoe kabisa. Paki pa tambarare, handibreki juu, gia nyutro, toa waya wa hasi wa betri.

Zungusha nobu, kile kishikio cha juu ya liva, kinyume cha saa mpaka itoke. Fungua skurubu za konsoli, ile plastiki ya katikati ya siti, zipo za pembeni mbele na nyingine nyuma ndani ya kile kisanduku, usivute kwa hasira maana plastiki ya zamani inakatika, na kama gari lina swichi za vioo kwenye konsoli inyanyue kidogo kwanza uchomoe soketi ya waya kwa chini.

Sasa unaona buti kubwa ya raba, ina boli nne za namba 10. Itoe. Chini yake kuna buti ndogo, na hii ndio yenye maneno mengi. Ikichanika joto na harufu ya oili vinapanda ndani, kwa gari la usukani wa kulia joto utalisikia kwenye mguu wa kushoto. Usifungue kitu bado, futa uchafu na mchanga wote kuzunguka hapo kwa tambara na brashi, kwa sababu ukishafungua shimo linaingia moja kwa moja kwenye giaboksi.

Weka alama upande wa mbele wa liva, fungua boli tatu za sahani inayoshikilia liva, vuta liva juu wima. Kila kinachotoka, buti, sahani, washa ya mawimbi, kikalio cha plastiki, kipange juu ya gazeti kwa mpangilio kilivyotoka na kipige picha. Kisha ikague ncha ya chini. NA moja niliyoifanya bushi ilikuwa imevunjika vipande vitatu, viwili vikaja na liva, cha tatu kikabaki ndani, na sumaku haisaidii maana ni nailoni, nilikaa nusu saa na tochi na koleo mpaka nikakipata. Usiache kipande ndani hata kama umechoka.

Hapo kwenye kikombe, lile shimo ulikotoa liva, kuna oili yake, watu wengi hawajui, ukimwaga oili ya giaboksi kwa chini hii haitoki. Ivute kwa bomba. Kwenye lile gari nilipata kama mililita 20 tu, nyeusi, chini imetulia tope la kijivu linalong'aa, nyingine ilishapotea. Jaza mpya kama mililita 80 hadi 90. Ukiwa hufanyi kitu ziba shimo kwa tambara, boli ikidondoka humo siku imeharibika.

Paka grisi kidogo kwenye kitufe cha shifta mpya, chomeka bushi kwenye ncha, ivalishe liva buti mpya, shusha kwa kufuata alama. Itakaa yenyewe, ikigoma usigonge na nyundo, izungushe kidogo kidogo. Midomo ya buti ikae sawa pande zote kabla ya sahani. Boli tatu anza kwa vidole, halafu kaza kwa zamu kwa spana fupi, taratibu, ile ni alumini na uzi wake ukiliwa hasara yake ni kubwa kuliko bei ya shifta.

Usirudishe konsoli bado! Rudisha nobu, injini ikiwa imezimwa kanyaga klachi upite gia zote tano na rivasi. Halafu washa, klachi chini, rudia. Kama gia moja haiingii mpaka mwisho, mara nyingi liva haijakaa au buti imekunjwa chini ya sahani, fungua uangalie. Ikiwa sawa rudisha buti kubwa na konsoli, kisha ingiza ya pili na ya nne uone kama nobu inagonga popote.

Siku za mwanzo badilisha taratibu, mkono unazoea njia mpya na ni rahisi kutaka ya tano ukaingiza ya tatu. Baada ya wiki fungua konsoli upitishe kidole kuzunguka sahani, kikitoka kikavu funga. Liva ya zamani usiitupe.