Masta ya kujilipia au uombe PhD moja kwa moja?

Kama umemaliza digrii ya kwanza na umepata admisheni ya masta Marekani bila ufadhili wowote, tafadhali usikimbilie kuuza kiwanja cha familia. Kule vyuo vingi vinachukua mtu PhD moja kwa moja, na hasa kwenye sayansi wanakulipia ada na posho juu, wewe unasaidia kufundisha au unafanya kazi maabara, na mara nyingi masta unaipata humohumo njiani.

Cheki kwanza ile barua ya admisheni, hela ya ufadhili imeandikwa au hamna? Maana bila kuonyesha hela ya mwaka wa kwanza, ada na matumizi, hupewi I-20, ile fomu ya chuo ya kuombea viza.

Halafu waandikie maprofesa wawili watatu, taja utafiti wao uliousoma kweli, uliza kama wanachukua wanafunzi. Dedilaini nyingi ni Desemba kwahiyo barua za walimu za kukupendekeza anza kuziomba Septemba, walimu wetu wako bize jamani. Ada ya maombi omba usamehewe.

Ila kama GPA iko chini au unabadilisha fani, masta ina maana, tafuta tu ya kulipiwa, kwa skolashipu kama DAAD ya Ujerumani au Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya. Na Ulaya PhD nyingi wanataka masta kwanza.