Namna ya kuamua kuhusu uzamili wa sayansi ya kompyuta ukiwa Bagamoyo

Mhitimu wa sayansi ya kompyuta aliyerudi nyumbani Bagamoyo, awe ameajiriwa au bado anatafuta kazi, hufikiwa mapema na swali la shahada ya uzamili, na mara nyingi swali hilo huulizwa na wazazi kabla hajajiuliza mwenyewe. Asianze na orodha ya vyuo wala ada. Aanze kwa kuandika sentensi moja inayotaja kazi anayotaka kuifanya ambayo elimu aliyonayo haimfikishi. Akishindwa kuiandika, fomu za udahili zisubiri.

Kutaka tu "kuendelea kielimu" hakutoshi. Chukua mfano wa kijana anayetunza kanzidata ya utafiti wa afya. Bagamoyo ina kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichoshiriki majaribio ya chanjo za malaria za RTS,S na R21, kwa hiyo kazi za namna hiyo si ngeni mjini. Ikiwa anachotaka ni kujenga mfumo bora wa kuingizia data, kozi fupi na mazoezi chini ya mtu mzoefu vitamfaa zaidi, tena kwa gharama ndogo. Lakini ikiwa anataka kubuni njia ya kutambua vimelea vya malaria katika picha za hadubini, atahitaji hisabati ya uwezekano, ujifunzaji wa mashine (kuifanya kompyuta ijifunze kutokana na data), na zaidi ya yote msimamizi atakayemfundisha kuthibitisha kwamba njia yake inazishinda zilizotangulia. Mengi ya hayo mtu anaweza kujisomea kwenye intaneti. Usimamizi wa utafiti ndio hasa anaoufuata chuoni, na kwa maoni yangu ndio unaostahili kulipiwa ada.

Anayelenga kufundisha chuo kikuu aisome transkripti yake kwanza, bila kujionea huruma. Kwa vigezo vilivyozoeleka katika vyuo vikuu vya umma, anayeomba kazi ya mhadhiri msaidizi hutakiwa kuwa na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili, kwa kipimo cha 5. Mwenye 3.2 anaweza kudahiliwa kusoma uzamili, kwa kuwa kiwango cha kuingilia kwa kawaida ni 2.7, lakini hata akiumaliza kwa alama za juu kabisa, ile 3.2 haitafutika. Huyo atafute sababu nyingine ya kusoma, nazo zipo, au aelekeze nguvu zake kwingine.

Sentensi ikishapatikana, kuchagua chuo huwa rahisi. Ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Kijitonyama, jirani na kituo cha Makumbusho zinakofika daladala za Bagamoyo, na ukaribu huo huwavutia wengi kupanga kwenda na kurudi kila siku. Kabla ya kupanga hivyo, mtu aijaribu safari hiyo jioni ya siku ya kazi, akipita foleni za Mwenge na Tegeta, kisha aone amebakiwa na saa ngapi za kusoma. Chuo Kikuu cha Dodoma na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iliyoanzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu, humlazimu kuhama. Huenda gharama ya chumba ikawa afadhali kuliko uchovu wa barabarani. Zipo pia programu za mtandaoni za vyuo vya nje, kama ile ya Georgia Tech ya Marekani iliyoanza mwaka 2014. Kwa shahada yoyote ya nje, aulize mapema Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kuhusu utambuzi wake.

Kwa upande wa fedha, aliyesomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo akumbuke kwamba akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, basi apige hesabu ya ada kwa kinachobaki. Anayetegemea ufadhili asome masharti kabla ya kuacha kazi: Chevening ya Uingereza, kwa mfano, hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na hapo kusubiri kidogo kazini kunakuwa sehemu ya maandalizi.

Hatua ya mwisho kabla ya kuomba ni kusoma makala za karibuni za wahadhiri wawili au watatu wanaoshughulikia jambo lake, kuandaa andiko la kurasa mbili linaloeleza tatizo, data itakayotumika na namna ya kupima matokeo, kisha kumtumia kila mmoja barua pepe fupi ya heshima. Asipojibiwa, akumbushe mara moja baada ya wiki mbili hivi. Mhadhiri akirudisha andiko likiwa na maswali magumu, kijana ajaribu kuyajibu kwa maandishi, na majibu hayo yaamue kama fomu ijazwe mwaka huu au mwaka ujao.